Sola ya kulipa kidogo kidogo, miezi 30 baadae: taa safi, ila maji ndio yameamua kama naishi vizuri au la

Watu wengi wameniuliza hii sola na kwa ujumla kama maisha ya huku kijijini Muheza bila umeme wa Tanesco yanawezekana, na kama mtu unaweza kuyaishi ukafurahi kweli sio kuvumilia tu, basi leo naandika yote kwa pamoja, nilimaliza kulipa mwezi wa 8 mwaka 2025 kwa hiyo nina haki ya kuisema. Kampuni siitaji, maana mabaya yake nayasema pia na sitaki kesi na mtu.

Mi nilikua Dar, Tandika, fundi cherehani. Mwanzoni mwa 2023 mama akaanza kuumwa, sukari, nikarudi Muheza kwetu kuwa nae, kitongoji kiko ndani ndani huko kwenye mashamba ya machungwa. Kijijini penyewe kwenye senta umeme upo, REA, wale wakala wa umeme vijijini, walishafika, ila kitongojini kwetu bado nguzo hazijaja. Na kinachouma ni kwamba umeme unazalishwa hukuhuku Tanga, Hale pale kuna mtambo wa megawati 21 toka miaka ya 60, na Pangani chini yake kuna megawati 68, maji ya mto huo huo mmoja, afu nyaya kubwa za kwenda Tanga mjini zinapita wilayani kwetu juu ya michungwa. Nilikua najiuliza kwa nini wasituchomolee tu pale juu, kijana mmoja wa nguzo akanielewesha kwamba ule ni msongo wa kilovolti 132, hauingii nyumbani mpaka upitie kituo cha kupoza umeme ndio ushuke kwenye nyaya ndogo na transfoma. Nikaelewa, ila kuelewa hakuwashi taa.

Basi nikachukua sola. Nilitoa kianzio 60,000 afu kila siku 1,300 kwa miezi 30, piga hesabu inakuja kama 1,230,000 jumla. Ndani ya boksi paneli ya wati 50, betri ya lithiamu, taa nne, tochi, redio ndogo, waya wa kuchajia simu na TV ya inchi 24. Fundi wao alikuja na bodaboda, akapanda juu ya bati akafunga, saa mbili kazi imekwisha. Akamwambia mama "bibi usiku wa leo utaona", mama akamjibu "haya mwanangu, Mungu akubariki", na usiku ule kweli tulikaa barazani tukatazamana sura, jambo ambalo lilikua halijatokea kwenye ile nyumba tangu ijengwe. Zamani ni kibatari, na mtu aliyekulia kwenye kibatari anajua, asubuhi ukipenga kamasi ni nyeusi.

Kwenye taa sina neno, naipa sola hii maksi zote. Mi kazi yangu ni kushona, na cherehani yangu ni ile ya kukanyaga kwa miguu, haihitaji umeme wowote, pasi ni ya mkaa, kwa hiyo mchana nilikua sina shida. Shida ilikua usiku. Kitambaa cheusi huwezi kushona na kibatari, uzi mweusi juu ya cheusi hauuoni, unapapasa tu na kidole. Mwezi wa 12 kuelekea wa 1 sare za shule zinakuja kwa mkupuo, sketi za bluu na suruali nyeusi, na nikiwa na taa nashona mpaka saa 5 usiku. Ule msimu mmoja wa sare ulinilipia karibu miezi mitano ya sola. Simu nayo, kabla ya hapo tulikua tunapeleka senta kuchajisha kwa 300 na unaiacha kutwa nzima, hujui nani kaishika. Na taa ya nje inakesha, nyoka unamuona kabla hujamkanyaga.

Sasa TV. Hapa ndio naomba msikie vizuri wale mnaotaka kuchukua kifurushi kikubwa kwa ajili ya TV. Betri yao ile ni kama wati saa 150 hivi ikiwa mpya (wati saa ni wati za kifaa mara masaa unayokiwasha, ndio kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri). TV yangu inakula wati 18, ukiiangalia masaa manne ni 72 tayari. Taa nne za wati mbili mbili kwa masaa matano ni 40. Simu tatu ni kama 30. Imeisha. Hiyo ni siku ya jua kali, paneli ya wati 50 inajaza betri vizuri. Ila masika, kuanzia mwezi wa 3 mpaka wa 5, kuna siku mbingu imefunga asubuhi mpaka jioni, paneli inatoa robo tu ya kawaida au chini ya hapo, afu watoto wa dada yangu wamekaa wanasubiri katuni na wewe una sare ya kumalizia. Lazima uchague, na mi nilichagua taa, TV masika yote ilikua imefunikwa na kitambaa. Muuzaji hakuniambia hili hata siku moja, aliniambia "dada hii inawaka muda wote". Haiwaki muda wote. Angesema ukweli bado ningechukua, ila ningechukua kile kifurushi kidogo kisicho na TV nikabaki na hela ya kitu kingine ambacho nakuja kukisema.

Na lingine ambalo limeniuma zaidi ni lile la kufungiwa. Hizi sola ukichelewa kulipa inajifunga yenyewe, unatakiwa ulipe kwa simu ndio ifunguke. Sikatai, mkopo ni mkopo. Ila kuna usiku mmoja 2024 sukari ya mama ilishuka, anatoka jasho, anatetemeka, mi nilikua nimeshalipa toka saa 12 jioni hela imekatwa kwenye simu lakini huko kwao haijasoma kwa sababu ya mtandao, na taa zikazima saa 3 usiku nikiwa nakoroga sukari kwenye maji. Nimemnywesha mama kwa tochi ya simu yenye chaji asilimia 11. Kesho yake wakafungua, wakasema pole dada ni mtandao. Mimi nasema ile taa moja tu ya ndani isizimwe kamwe hata mtu akidaiwa, mwanga wa wati mbili hauwafilisi. Kwa hilo nawapa nyota 3 kati ya 5 badala ya 4 na nusu, na sibadilishi.

Haya, sasa nije kwenye swali lenyewe la kufurahi. Nilipokuja nilidhani adui ni giza. Giza tumelimaliza siku moja na fundi mmoja wa bodaboda. Kilichonitoa machozi ni maji. Tuko watu sita pale nyumbani, kwa siku tunatumia ndoo nane za lita 20, hizo ni lita 160, hatuogi kwa fujo na wala hatuna mifugo mingi. Kisima cha pampu ya mkono kiko kama kilomita moja na nusu. Ndoo moja ni kilo 20 kichwani. Ukikodi mtu wa baiskeli anabeba madumu yake sita lakini kiangazi bei inapanda na yeye pia anapanga foleni, mi nilikua naamka saa 10 alfajiri na nakuta madumu ya wenzangu yameshajipanga kama watu. Mpaka saa 2 asubuhi nimechoka, mgongo umekakamaa, na hapo bado sijagusa cherehani. Yani mwaka wa kwanza wote nilikua na taa nzuri inayonimulikia nikiwa nimechoka.

Na angalieni ni nani anaebeba. Wote tuliokua pale kisimani saa 10 alfajiri ni wanawake na watoto wa kike. Mwanaume akikwambia maisha ya shamba bila umeme bila bomba ni raha na utulivu, muulize kwanza maji ya kuoga leo ameyachota nani. Nasema hivyo kwa moyo mmoja, sio kumchokoza mtu.

Mwaka wa pili nikacheza vikoba viwili, na hela ya sare nikaweka yote, nikanunua tanki la lita 5,000 Tanga mjini kule Ngamiani, likapandishwa kwenye fuso ya machungwa iliyokua inarudi tupu. Bei yake na mifereji ya kwenye bati na msingi wa zege vilikaribia bei ya sola nzima. Lakini jamani. Hesabu ya maji ya mvua ni rahisi, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati letu ni mita 9 kwa 7, hizo ni 63. Ikinyesha mvua ya milimita 30 usiku mmoja, ambayo masika ni ya kawaida tu, ni lita 1,890, toa yanayoruka na kumwagika unabaki na kama 1,500. Mvua tatu nne za namna hiyo tanki limejaa na linatupeleka mwezi mzima na ushee. Mvua ya kwanza baada ya jua usiiingize, acha ioshe bati kwanza, mavi ya ndege na vumbi vyote vinashuka. Na mdomo wa tanki funga chandarua, vinginevyo unafuga mbu. Ya kunywa nachemsha.

Siku mvua ya kwanza ilipoingia kwenye lile tanki mama alikaa kwenye mkeka anasikiliza sauti ya maji yanaingia, hakusema kitu, kasikiliza tu mpaka mvua ikakatika. Vuli na masika siendi kisimani kabisa. Kiangazi cha mwezi wa 1 na wa 2 bado naenda, tanki moja halitoshi, nataka la pili.

Jikoni ni kuni. Mafiga matatu niliyaacha kwa ajili ya kifua cha mama, shirika la afya duniani linasema moshi wa majumbani uliua watu kama milioni 3.2 kwa mwaka 2020, na ukikaa kwenye jiko letu la nyuma zamani ungeamini. Fundi wa kijijini akanijengea jiko banifu la udongo lenye bomba la kutolea moshi, kuni zimepungua karibu nusu. Gesi mtungi mdogo ninao ila kuujaza ni safari ya bodaboda kwenda na kurudi, natumia kwa chai ya asubuhi na uji wa mgonjwa. Serikali imesema mpaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, nitafurahi sana ikifika kitongojini.

Friji sijaikosa kwenye chakula, na hili lilinishangaza. Kisamvu unachuma kinachokutosha, samaki tunanunua ng'onda au dagaa wakavu, nazi iko mtini, maziwa yakibaki yanagandishwa mtindi. Friji nimeikosa kwenye dawa tu. Insulini ambayo haijafunguliwa lazima ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8, na sola yangu hii haiwezi kuendesha friji. Manesi wa zahanati ya kijiji, Mungu awape maisha marefu, wananitunzia chupa za akiba kwenye friji yao, na ile moja iliyofunguliwa ndio inakaa nyumbani, waliniambia wiki nne naibadilisha. Naiweka kwenye chungu ndani ya chungu kikubwa katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Kwa Dodoma hiki chungu kinapoa vizuri kwa sababu hewa ni kavu, kwetu hapa Tanga kuna unyevunyevu kwa hiyo kinapooza kidogo tu, lakini ni bora kuliko juu ya kabati. Kwa hiyo anaesema tuishi bila umeme wa gridi na tutafurahi, mi nitamuuliza una mgonjwa ndani? Mtu mzima mwenye afya anaweza. Mama yangu anaishi kwa sababu kilomita nne kutoka kwake kuna friji inayowaka usiku na mchana.

Mniulize kama nafurahi? Kwa sasa ndio, nafurahi, jioni nakaa chini ya mfenesi na majirani, nasikia redio, watoto wanasoma mezani, sina kodi ya nyumba inayonikimbiza, na naijua sauti ya mama akiwa mzima na akiwa anaumwa hata kabla hajaniita. Ila mwaka wa kwanza sikufurahi, na tofauti ya mwaka wa kwanza na sasa ni lile tanki.

Ushauri kwa mnaojipanga: chukueni kifurushi cha taa bila TV, hela inayobaki iende kwenye mifereji na tanki, ulizeni kisima kiko umbali gani kabla hamjauliza hata bei ya kiwanja. Muulizeni muuzaji betri ina wati saa ngapi, sio taa ngapi, akishindwa kujibu nendeni kwa mwingine. Risiti ya kila malipo mhifadhi. Paneli ipanguseni vumbi kila wiki, na mkiona kivuli cha mnazi kinaifikia saa 9, kateni kuti lake au ihamisheni.

Nguzo zikifika kitongojini nalipia ile 27,000 ya kuunganishiwa siku hiyo hiyo, kwa ajili ya friji ya mama na ovaloku, ile mashine ya kufunga kingo za nguo. Hizi taa nne zinabaki pale pale zilipo, nimeshazimaliza kulipa na hakuna wa kuzizima tena.