Viti vya mbele vya mtumba kwa gari la zamani: kipi ukitafute kwanza na kipi ukiache

Kiti cha dereva huchakaa kuliko kiti kingine chochote ndani ya gari. Ukingo wake wa upande wa mlangoni huanza kulegea kwa sababu kila anayeingia na kushuka huuburuzia paja, kitambaa hukatika kwenye mshono uleule, na baada ya miaka 20 mwenye gari hujikuta ameketi juu ya chuma, si juu ya sponji. Kwa magari mengi ya umri huo viti vipya vya kiwandani havipatikani tena, kwa hiyo wengi wetu hununua kiti kilichotoka kwenye gari lililochinjwa. Swali ni kiti cha gari gani, kwa maana magari yanayofanana kwa nje huenda yasifanane kabisa chini ya zulia.

Nimebadilisha viti katika magari yangu na ya ndugu zangu mara kadhaa, na kosa ninaloliona likirudiwa ni moja: mnunuzi hupima matundu manne ya bolti, huona yanalingana, kisha hulipa. Kiti cha mbele kimeungana na gari mahali pane, yaani kwenye bolti za sakafuni, kwenye mkanda wa usalama, kwenye nyaya na, kwa magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990, kwenye mfuko wa hewa wa pembeni, ule unaofumuka kumkinga aliyeketi gari likigongwa ubavuni. Kiti kinaweza kukaa vizuri juu ya bolti na bado kisifae. Ndiyo maana mpangilio ninaoutoa hapa haufuati uzuri wa kiti wala ulaini wake, bali unafuata idadi ya maungio hayo manne yatakayokubaliana bila kulazimishwa.

Chaguo la kwanza, ambalo ninampendekezea kila anayeweza kusubiri, ni kiti cha modeli ileile, kizazi kilekile, bodi ileile na, ikiwezekana, miaka ileile. Miaka ina uzito wake, kwa sababu viwanda huboresha gari katikati ya kizazi bila kubadilisha sura yake sana, na mara nyingi ndipo mifuko ya hewa ya pembeni huongezwa au plagi za nyaya hubadilishwa. Bodi nayo haipaswi kupuuzwa. Kiti cha gari la milango miwili kina wenzo wa kukilaza mbele ili abiria wa nyuma apite. Ukiweka kiti cha gari la milango minne kwenye gari la milango miwili, abiria wa nyuma watakuwa wamefungiwa ndani.

Wengi huchanganyikiwa pia kuhusu upande. Kiti cha kushoto hakigeuki kuwa cha kulia, kwa kuwa miguu yake ya ndani imeundwa ikae kwenye tuta la katikati ya sakafu, kifungio cha mkanda kiko upande huohuo wa ndani, na wenzo wa kulaza mgongo uko upande wa mlangoni. Hivyo kiti cha dereva kutoka gari lenye usukani wa kushoto, kikiletwa kwenye gari lenye usukani wa kulia, kitakaa upande wa abiria. Kwa jozi nzima hilo linaweza kukubalika, ila dereva atapata kile kilichokuwa kiti cha abiria, ambacho mara nyingi hakina kirekebishi cha kimo. Dereva mfupi atalijutia jambo hilo kila siku.

Chaguo la pili ni kiti cha gari hilohilo lakini la daraja la juu zaidi: lile lenye viti vya michezo, vya ngozi, au vya umeme. Kwenye sakafu hakuna tatizo, na kwenye mkanda kwa kawaida hakuna pia. Kazi iko kwenye nyaya. Kiti cha umeme kinahitaji umeme wa moja kwa moja wenye fyuzi yake, na gari la daraja la chini pengine halikupitishiwa waya huo hata chini ya zulia. Usiunganishe mota za kiti kwenye waya wa redio au wa taa ya ndani, kwa sababu mota inayokwama huvuta umeme mwingi, na waya mwembamba uliofichwa chini ya zulia unaweza kuungua kabla ya mtu yeyote kunusa moshi. Vitambaa vya umeme vinavyopasha kiti joto si lazima viunganishwe. Plagi yake inaweza kufungwa vizuri na kuachwa. Binafsi, kwa gari la zamani ninapendelea kiti cha michezo kinachorekebishwa kwa mkono. Kinamshika dereva kiunoni, ni chepesi, na hakina mota ya kufa siku kiti kikiwa kimesogezwa mbele kabisa.

La tatu ni kiti cha gari pacha, yaani modeli nyingine iliyojengwa juu ya sakafu ileile. Hapa panahitaji ujuzi wa historia ya magari, na ujuzi huo unalipa. Toyota Mark II, Chaser na Cresta za kizazi kimoja ni ndugu wa damu. Honda Civic ya 1992 hadi 1995 na Integra iliyoanza kuuzwa mwaka 1993 zinajulikana kwa kubadilishana viti, na ndiyo sababu viti vya Integra Type R vimeonekana ndani ya Civic nyingi. Subaru Forester ya kwanza, iliyotoka mwaka 1997, ilijengwa juu ya msingi wa Impreza ya wakati huo. Volvo 850 ilifanyiwa marekebisho makubwa ikawa S70 na V70, huku sehemu nyingi za ndani zikiendelea kufanana. Hata hivyo, upacha hutoa matumaini tu. Pima, kwa kuwa gari la juu kama Forester halina lazima ya kuwa na kimo kilekile cha kiti kama gari la chini, na kiti kikipanda kwa sentimita 3 tu, kichwa cha dereva mrefu hukaribia dari na mkanda hupita begani mahali pengine.

Chaguo la nne ni kizazi cha jirani cha modeli ileile, na huku hakuna kanuni. Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza na cha pili, kuanzia 1989 hadi 2005, zinapokezana viti kwa urahisi unaofurahisha. Volkswagen Golf ni habari nyingine kabisa: kwenye Golf 2 na Golf 3 kiti huteleza ndani ya reli zilizo sehemu ya sakafu yenyewe, ilhali kwenye Golf 5 reli ni sehemu ya kiti na hufungwa kwa bolti. Jina la gari ni lilelile, lakini sakafu hazina uhusiano. Kabla ya kununua kiti cha kizazi kingine, inama, tazama chini ya kiti chako kwa tochi, upige picha za miguu yote minne, kisha uzilinganishe na kiti unachouziwa.

Sasa niseme kwa kirefu kuhusu mifuko ya hewa, kwa sababu ndiyo inayoweza kuumiza. Volvo ilianza kuweka mfuko wa hewa wa pembeni ndani ya kiti katika 850 za mwaka wa modeli 1995, na baada ya hapo viwanda vingine vikafuata. Lebo iliyoshonwa ubavuni mwa mgongo wa kiti, au plagi ya rangi ya manjano chini yake, ndiyo dalili. Kiti cha namna hiyo kina baruti, ndiyo inayoufumua mfuko. Katika magari mengi fundi hukata betri na kusubiri kabla ya kugusa plagi hiyo. Maelekezo ya Toyota hutaja sekunde 90 au zaidi, na baadhi ya viwanda hutaka dakika kadhaa. Lakini mfuko wa zile Volvo za mwanzo ulilipuliwa na kitambuzi cha kimakanika kilichomo ndani ya kiti chenyewe, kwa hiyo kukata betri hakukifanyi kiti kuwa salama: ni lazima kifungwe kwa kizuizi chake maalumu kabla ya kuondolewa. Muuzaji anayevitupa viti hivyo juu ya rundo hajui anachokishika.

Ikiwa gari lako lina mfuko ndani ya kiti na kile unachouziwa hakina, kiache. Utapoteza kinga ya ubavu, taa ya onyo itawaka kwenye dashibodi, na katika magari mengi kompyuta inayoona hitilafu inaweza kuuzima mfumo wote, pamoja na mfuko wa usukani. Kuna mafundi watakaojitolea kuizima taa hiyo kwa kuchomeka rezista ndogo, kipande kinachozuia umeme, kwenye plagi. Nakusihi ukatae. Rezista humwambia kompyuta kwamba mfuko upo wakati haupo, na atakayelinunua gari hilo baadaye hatajua. Ikiwa ni kinyume chake, kiti kina mfuko na gari lako halina waya wake, mwambie fundi anayejua kazi hiyo auondoe na kuuhifadhi ipasavyo, usiendeshe ukiwa umeegemea baruti isiyounganishwa.

Kwa magari yaliyouzwa Marekani tangu mwaka 2003 hivi kuna jambo la ziada upande wa abiria: mengi yana kitambuzi cha uzito ndani ya kiti kinachoamua kama mfuko wa mbele ulipuke au usilipuke kwa mtoto. Kitambuzi hicho hupimwa pamoja na kompyuta yake, na kiti kikibadilishwa ni lazima kipimwe upya kwa mashine. Asiye na njia ya kufanya hivyo aachane na kiti cha abiria, abadilishe cha dereva peke yake.

Kuhusu mkanda nina shauri moja: kama kifungio chako cha zamani ni kizima na kinaingia kwenye fremu ya kiti kipya, kihamishe. Ulimi wa mkanda wako ulitengenezwa kwa kifungio hicho, na ulimi wa gari jingine unaweza kuingia, ukalia, kisha ukachomoka ukivutwa kwa nguvu. Bolti za mkanda katika magari mengi zina nyuzi za inchi 7/16 na ni za chuma kigumu maalumu. Usiibadilishe kwa bolti iliyookotwa kwenye kopo.

Chaguo la tano ni kiti kipya cha kampuni ya viti, kwa mfano Recaro, pamoja na kitako cha chuma kilichotengenezwa na kiwanda kwa ajili ya gari lako hasa. Ni chaguo zuri kwa gari lisilowahi kuwa na mfuko wa hewa ndani ya viti. Nimeliweka chini kwa sababu kitako hicho kwa kawaida hupandisha kiti, na kwa sababu gharama yake huzidi kwa mbali ile ya jozi ya mtumba iliyo safi.

La mwisho, ambalo ningependa lisitumike kabisa, ni kiti cha gari lolote kilichochomelewa vipande vya chuma ili kifike kwenye matundu. Kanuni ya Marekani namba 207 inataka kiti na vifungo vyake vihimili nguvu sawa na mara 20 ya uzito wa kiti chenyewe. Kiti cha kilo 20 basi kinavuta bolti zake kama mzigo wa kilo 400, na pale mkanda unapofungwa kwenye kiti, mzigo wa mwili wa aliyekaa unaongezeka juu yake. Kipande cha chuma kilichochomelewa kwa jicho hakijapimwa na mtu yeyote.

Ukishapata kiti cha daraja linalofaa, usikinunue kikiwa kimelala juu ya vingine. Kiweke chini, ukikalie, ukisukume mbele na nyuma, na usikilize. Niliwahi kununua kiti kizuri cha kitambaa ambacho reli moja ilifunga kwa mlio mkavu na nyingine ikabaki kimya. Nikadhani ni uchafu, nikakifunga garini, na siku ya kwanza nilipokanyaga breki kwa nguvu upande mmoja wa kiti uliteleza ukapinda mbele yangu. Jino la kifungo lilikuwa limelika. Tangu siku hiyo nashika reli zote mbili kwa vidole wakati mtu mwingine anakivuta kiti, na nahakikisha zote zinafunga kwa pamoja.

Ingiza pia ngumi chini ya sponji utafute waya wa springi uliokatika, na unuse mshono wa nyuma: harufu ya ukungu pamoja na mstari wa kutu ulionyooka juu ya reli ni alama ya gari lililozama majini. Kiti cha umeme kijaribiwe kwa betri ya volti 12 hapohapo, na kiwe kimekatwa pamoja na plagi na kipande kirefu cha waya. Chukua bolti zake zote.

Wakati wa kufunga, sogeza kiti cha zamani nyuma ili ufikie bolti za mbele, kisha mbele ili ufikie za nyuma, na kwa kiti cha umeme ufanye hivyo kabla ya kukata betri. Magari mengi ya Kijapani hutumia soketi ya milimita 14, na ya Kijerumani mara nyingi huhitaji soketi za nyota. Anza bolti zote nne kwa vidole kabla ya kukaza hata moja, kisha uzikaze kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, kwa kiwango cha kitabu cha gari lako. Kuhusu viti vya zamani, usiviuze wala kuvitupa mpaka uwe umesafiri wiki mbili, taa ya onyo imezima kama inavyopaswa, mkanda unarudi wenyewe, na umezikagua tena bolti zote nne kwa spana ileile.