Fundi wa stata Ndeeba: huyu anapima kwanza ndio anafungua

Kama gari lako ukiwasha linasema "tak" moja tu halafu kimya, na taa za dashbodi zinawaka vizuri bila kufifia, tafadhali usikimbilie soko la spea la Kisekka kununua stata nzima, yani ile mota inayozungusha injini iwake. Kuna fundi wa umeme wa magari Ndeeba hapa Kampala, ukishuka barabara ya Masaka unaingia kule kwenye garaji za mabati karibu na wauza mbao, nimempelekea Toyota Ipsum yangu na kazi yake imenifurahisha sana, ndio maana naandika.

Ni mzee Mnubi wa Bombo, pale wote wanamuita Hajji. Kiswahili chake kimenyooka kwa hivyo kama Kiganda chako ni cha kuunga unga hautababaika, atakueleza kila kitu anachoshika na kwa nini anakishika.

Kabla yake gari lilipita garaji nyingine, sitaitaja, wale walisikiliza mlio mara moja wakasema stata imekufa, leta shilingi 250,000 tukufungie ya mtumba. Mita ya kupimia umeme hawakushika. Hata boneti walifungua nusu nusu. Hiyo ndiyo tabia inayoniudhi na mafundi wengi hapa Kampala, kila kitu ni kubadilisha, na ile ya mtumba wanayokuletea imetolewa kwenye gari lenye umri sawa na lako, kwa hivyo baada ya muda ugonjwa ni ule ule.

Hajji yeye alianza na swali, akaniuliza "mwanangu, inalia mara moja ama inalia ta-ta-ta-ta-ta?" Kumbe jibu la hapo tu linamaliza nusu ya kazi. Ikilia haraka haraka na taa zinazimika zimika, hapo mara nyingi ni betri imechoka au temino, yani vichwa vya betri, zimelegea au zimeota ule unga mweupe. Ikilia tak moja nzito na taa ziko imara basi umeme upo, ila hauvuki kwenda kwenye mota. Na isipolia kabisa anakwambia weka gia kwenye N (nyutro) ujaribu tena, kwa sababu gari la otomatiki lina swichi kwenye giaboksi inayozuia stata kama gia haiko P (ya kuegesha) wala N, na ile swichi ikichoka watu wanafungua stata nzima bure.

Akatoa mita. Betri ikasoma volti 12.6, yani imejaa. Akanituma nizungushe ufunguo yeye akiangalia, haikushuka karibu na 10, na hiyo peke yake ni dalili kwa sababu stata ikizunguka kweli inavuta umeme mwingi sana na betri lazima iteremke. Akapima na waya wa eathi, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari, mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, akasema hapo ikizidi nusu volti nikiwa nimeshika ufunguo basi eathi ni mbovu. Yangu ilikuwa sawa. Mwisho akaingia chini, pale nyuma ya stata kuna bolti mbili nene, moja inapokea waya mkubwa kutoka betri na ya pili inapeleka umeme kwenye mota. Nikawasha, tak, ya kwanza inasoma 12 na kitu, ya pili sifuri. "Umeona? Umefika mlangoni haujaingia." Stata bado iko kwenye gari na tayari tunajua kilichokufa ni kontakti za solenoidi, ile swichi ya stata inayovusha umeme kwenda kwenye mota.

Alitoa hasi ya betri kwanza ndio akagusa spana nyingine yoyote. Nasema hili kwa sababu nimeona vijana wanafungua ule waya mkubwa betri ikiwa imefungwa, spana ikigusa bodi ni cheche na unaweza kuungua vibaya.

Stata ilivyotoka ni Denso, akafungua kile kifuniko cha duara chenye bolti tatu ndogo, akanipa niangalie mwenyewe. Mle ndani kuna vipande viwili vya shaba, na plunja, kile kijiti kinachosogea, yenye sahani ya shaba inayokuja kuvigusa vyote viwili kwa pamoja ili umeme uvuke. Kipande cha upande wa betri kilikuwa kimelika mpaka kimefanya ngazi, cheusi, kimechomeka chomeka, cha pili bado kina unene. Sahani nayo ina mikwaruzo duara nzima. Kwa hizi Ipsum zetu zilizoingia zamani, kabla ya ile sheria ya Uganda ya 2018 iliyozuia kuleta magari yaliyopita miaka 15, si ajabu kabisa, hiyo shaba imepigwa cheche miaka yote hiyo kila asubuhi.

Alifunga kontakti mpya mbili na plunja yake, na hapa ndio nilimpenda zaidi, kwa sababu hakukaza nati akamaliza. Alibonyeza plunja kwa kidole gumba akatoa akaangalia alama kwenye shaba, kimoja kinaguswa kabla ya kingine, akalegeza akasogeza kidogo, akabonyeza tena mpaka zikagusa sawa. Akasafisha ile shaba ya amecha, sehemu inayozunguka ndani ya mota, na msasa laini, akapima urefu wa kaboni zote nne zinazoigusa kuipa umeme, akasema hizi bado, sitakuuzia. Kuna gololi moja ya chuma ndani ya ile shafti, kijana wake aliiweka kwenye kifuniko cha soda isipotee. Halafu stata ikabanwa kwenye vaisi ikapewa betri hapo chini, ikaruka ikavuma, ndio ikarudishwa kwenye gari.

Nililipa shilingi 90,000 vitu na kazi pamoja, kwa momo, yani pesa za simu.

Yasiyonifurahisha yapo. Risiti hakuna, waranti ni ya mdomo, anasema ikisumbua ndani ya miezi mitatu rudi, na kwa mtu wa kampuni anayehitaji karatasi hiyo ni shida ya kweli, anapaswa anunue kitabu cha risiti, si gharama kubwa. Hakuna pa kukaa zaidi ya tairi kuukuu na vumbi la mbao linakuingia mpaka kwenye meno. Foleni pia, hapokei gari la pili mpaka amalize la kwanza, mimi naona ni sawa lakini ukiwa na haraka utaumia.

Watu wa boda na teksi pale wanampigia simu amfuate mteja barabarani, anakataa, anakwambia gonga mwili wa stata taratibu na mpini wa spana huku mwenzako anawasha, kama ni kaboni au kontakti zimekwama inaweza kuamka ikakufikisha kwake. Ila usiiache hivyo ukaendelea wiki nzima, na usijaribu kusukuma otomatiki, haiwaki.

Nenda asubuhi mapema. Ijumaa kuanzia saa sita anakuwa msikitini na vijana hawafungui stata asipokuwepo.