Fimbo za kupigia: ninavyoziona mimi ninayezibeba

Mgeni aliyekuja kuwinda akimpiga mnyama vibaya, anayetangulia kuifuata damu si yeye, ni mimi. Nyuma yangu anakuja mwindaji bingwa na bunduki yake, kisha askari wa wanyamapori, halafu mgeni mwenyewe, ambaye kufikia hapo mikono imeshaanza kumtetemeka. Mimi nimeshika fimbo tatu zilizofungwa mpira wa baiskeli, zile mpigaji anazoegemezea bunduki akiwa amesimama. Kwa hiyo anayesoma hapa akitafuta zina gramu ngapi na rangi gani anisamehe. Fimbo ya kupigia naipima kwa jambo moja: inaniingiza vichakani mara ngapi kumtafuta nyati aliyejeruhiwa.

Kazi yangu ni kufuata nyayo, kambini tunaitwa matraka. Nimemaliza misimu 14, mingi kwenye vitalu vya uwindaji vya Rungwa, michache Ugalla. Fimbo hubeba traka wa mbele. Bingwa akinong'ona "fimbo", una sekunde tatu au nne za kuzisimamisha, kujitoa njiani, kuchuchumaa na kuziba masikio. Sikio langu la kushoto lilishaharibika kabla sijajifunza hilo la mwisho, na laana zangu zote naziweka kwa zile bunduki zenye matundu kwenye mdomo wa mtutu. Zinampunguzia mpigaji teke, kelele anapewa aliyesimama pembeni.

Wenzetu wanaowinda kwa leseni za wenyeji huniuliza fimbo za nini wakati bunduki ina mikono ya kuishika. Pori la miombo mwezi Julai nyasi zinakufika kifuani. Ukilala chini unaona majani matupu. Vile vimiguu viwili vinavyofungwa chini ya bunduki wageni huja navyo kila mwaka, na kila mwaka hurudi kwao havijatoka kwenye sanduku. Kichuguu cha kuegemea hakipo pale unapokihitaji, na sheria hairuhusu kupiga ukiwa garini. Unabaki umesimama. Umetembea saa tatu, mbung'o wamekuuma hadi nyuma ya masikio, moyo unapiga na kila pigo linainua na kushusha msalaba wa darubini. Nyati hapigwi kwa bunduki ya kipenyo cha chini ya inchi .375, na hiyo si bunduki ya kunyoosha mikononi dakika mbili ukisubiri dume ajitenge na majike. Ukimjeruhi akapotea, anahesabiwa ameuawa na unamlipia. Hiyo hasara ni ya mgeni. Ya kwangu nimeshaitaja.

Nimebeba aina tatu.

Za kwanza ni za mianzi, na ndizo nilizoanza nazo. Natumia mwanzi ulanzi wa Iringa, ule ule unaogemwa pombe, kwa sababu shina lake ndani karibu limejaa. Mianzi mingine ina uwazi mkubwa, ikikauka Septemba inapasuka kama bisi. Mwenye shamba la ulanzi hafurahi ukimwomba shina la kukata, maana kwake ni chupa za pombe unazoondoka nazo, kwa hiyo bei inategemea mnavyofahamiana. Nakata tatu, kila moja kama sentimita 180, na ncha ya chini naikata chini kidogo tu ya pingili ili isichanike ikigonga jiwe. Zinakaa kivulini wiki kadhaa zimelazwa sawasawa. Zikianza kutoa unga mdogo mdogo kwenye vitundu, ameshaingia dumuzi, tupa.

Kufunga ndiko kwenye ufundi. Napima kama sentimita 12 kutoka juu, nazungusha tyubu ya baiskeli, si kwa kukaza sana, kiasi cha fimbo kuweza kujipinda zikitawanywa. Hapo juu zinapopishana zinatoa panda. Panda yote naivika tyubu au ngozi, ili isikwaruze ubao wa bunduki na isitoe sauti. Bingwa mmoja alinishauri nitie bolti badala ya mpira. Nilijaribu msimu mmoja. Bolti inalia, na tundu lake linaufanya mwanzi uvunjike hapo hapo. Mpira ukichakaa unapata mwingine kwa fundi baiskeli yeyote pale Itigi, tena bure.

Urefu hauna vifungio wala namba. Ukitawanya miguu panda inashuka, ukiikusanya inapanda. Jioni ya kwanza mgeni akifika kambini namsimamisha, naweka panda usawa wa bega lake, halafu nakumbuka miguu imekaa hatua ngapi. Mgeni mrefu sana, wa mita moja na tisini na kitu, namkatia za kwake. Nikimpa zangu atainama, na mtu aliyeinama hawezi kutulia.

Kasoro zake nazijua pia. Kwenye mwamba zinateleza nisipokanyaga mguu mmoja. Mvua ya Desemba ikianza mpira unalegea. Na zimefungwa urefu ule ule: kumpigisha mtu amepiga magoti au amekaa kitako, hazifai, unabaki kushika fimbo mbili kwa mkono na kumwachia Mungu.

Aina ya pili ni za aluminiamu, zenye kifyatulio mkononi. Kampuni sitaitaja. Mgeni mmoja alizileta mpya, akaniachia kama zawadi, na nilizipenda kwa kweli. Unabonyeza, miguu yote mitatu inashuka kwa uzito wake, unaachia, inajifunga. Urefu wowote unaotaka: kusimama, kupiga magoti, kukaa. Kambini kila mtu alitaka kubonyeza, mpishi naye hakukosa.

Porini mambo yakawa mengine. Bati likigusa tawi linalia, na nyati analisikia kabla yako. Nikazivika tyubu zote, zikawa nzito. Halafu likaja vumbi la Septemba na majivu ya nyasi zilizoungua. Vumbi liliingia ndani ya mabomba, na mguu mmoja ukaanza kuwa na tabia zake. Ukibonyeza unashuka, ukiachia unajifunga, lakini si kabisa.

Siku moja dume la nyati lilikuwa mita kama 80, limesimama limetupa ubavu, lisiloharakisha popote. Nikaziweka, mgeni akaegemea, bingwa akamnong'oneza asubiri kidogo. Nilikuwa nimechuchumaa nikiitazama ile panda. Ule mguu ulikuwa unazama, polepole, kama mtu anayesinzia kwenye ibada. Nilipofungua mdomo, bunduki ilikuwa imeshalia. Damu tuliyoikuta ilikuwa na majani yaliyotafunwa. Tumboni. Tulisubiri, kisha tukaingia, na tuliingia na kutoka kwenye vichaka tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Bingwa alimmaliza hatua 15 kutoka nilipokuwa nimesimama. Hatua hizo nilizihesabu baadaye, kwa sababu pale pale sikuhesabu kitu.

Mgeni yule yule aliyenipa alinisaidia kuwaandikia waliomuuzia. Wakajibu kwamba udhamini ni wa mnunuzi na nchi aliyonunulia, na kwamba miguu ioshwe kwa maji safi baada ya kila matumizi. Maji safi! Kambi yetu maji yanakuja kwa boza. Fimbo zenyewe bado ninazo, nimezitia nati ndogo ya kushika kwa nguvu kila mguu. Sasa hazifunguki haraka, lakini hazizami. Anayewinda swala pala au ngiri bila haraka, kwenye eneo lisilo na vumbi, zitamfaa na atazifurahia. Azikague tu kila asubuhi: azisimamishe, aweke uzito wa mwili juu yake, ahesabu hadi thelathini.

Za tatu nilizicheka. Mgeni Mdenishi alikuja Ugalla na fimbo za miguu minne, zinashika bunduki mbele na nyuma, ubao na kitako vyote vimelala. Nikamwambia mwenzangu huyu amekuja na kitanda. Siku ya pili tukatoka kwenye mbuga iliyo wazi, nyamera wamesimama mita 210, hakuna hata kichuguu cha kusogelea. Kwa mianzi yangu ningemwambia bingwa turudi. Mdenishi akaziweka, akaegemea, na nilipomtazama mtutu ule haukuwa na mtikisiko wowote. Nyamera alianguka alipokuwa amesimama. Sikucheka tena.

Sababu yake ni rahisi. Miguu mitatu inashika mbele tu, kitako cha bunduki kinabaki kinaogelea pamoja na bega na pumzi zako. Ukikishika na nyuma, kuogelea kunakwisha. Ila ndani ya miombo minene miguu minne inanasa kwenye kila mzizi, na mnyama akisogea hatua tano kulia inabidi uhamishe mtambo wote. Kwa mita zinazozidi 150 mahali pa wazi, nunua hizo ukiweza. Kwa nyati vichakani sizitaki.

Kwa mita 120 hivi na fimbo tatu, ipo njia ya maskini ya kushika nyuma: traka anasogeza bega lake chini ya kiwiko cha kulia cha mpigaji. Nimefanya mara nyingi. Inasaidia kuliko unavyodhani, mradi mpigaji si mtu wa kutekenyeka.

Kinachoniudhi hakihusu fimbo zenyewe. Kila mgeni akifika anapiga karatasi kuhakikisha darubini haikuhama safarini. Anapiga amekaa mezani, amewekewa mifuko ya mchanga. Matundu matatu yanagusana, watu wanapongezana, wanaenda kunywa bia. Kuanzia hapo hatapiga tena amekaa mezani hadi arudi kwao. Siku hizi namwomba bingwa, taratibu, aniruhusu niweke fimbo pale pale, mgeni apige risasi tatu amesimama, mita 100. Matundu yakienea kupita sahani ya ugali, najua nyati tutamsogelea hadi mita 60, na bingwa anajua kwamba mimi najua.

Pale kwenye karatasi ndipo makosa yanapojionyesha. Wengi huweka mtutu juu ya panda. Kinachokaa ni ubao wa mbele, kwa sababu mtutu ukiegemea kitu kigumu risasi inahama. Mkono wa kushoto unashika panda na ubao kwa pamoja, kwa nguvu, la sivyo .375 ikipiga teke inaruka kutoka kwenye fimbo na risasi ya pili haipo. Simama mguu wa kushoto mbele, uzito uuweke mbele kidogo, uegemee fimbo kama unaegemea mlango usiotaka kufunguka. Mkanda wa bunduki vua, ukining'inia upepo unauchezea. Kwenye mteremko, mguu mmoja wa fimbo uwe upande wa bondeni. Na usipige nyati mzima, chagua doa: fuata mguu wake wa mbele kwenda juu, simama theluthi ya chini ya kifua.

Mianzi ya msimu huu nimeshaikata. Imelazwa kwenye kenchi za nyumba yangu Manyoni, inasubiri Julai. Mke wangu ameianikia kanga mara mbili sasa. Nimemwambia ikipinda, kitaluni tutaenda wote, na fimbo atabeba yeye.