Kipima nyasi cha sahani: kizuri, ila fomula yake si ya nyasi ya kikuyu

Kama ng'ombe wako wa maziwa wanajilisha kwenye padoki (kipande cha malisho kilichozungushiwa ua) na unataka kujua wanakula kilo ngapi, hiki kifaa nunua, lakini usiamini namba zake kabla hujazipima kwa shamba lako. Mimi nakitumia huku Uasin Gishu, kwa nyasi za kikuyu na boma rhodes.

Ni fimbo yenye sahani na kaunta, basi. Unazunguka padoki yote ukiishusha kila hatua chache, sahani inakalia nyasi, kila kliki ni nusu sentimita. Unapima kabla ng'ombe hawajaingia na tena wakitoka, tofauti ndo wamekula. Tuseme hekta ilikuwa na kilo 2,500 za majani makavu (yaani ukitoa maji) na baada ya siku moja wakaacha 1,500, kama padoki ni robo hekta hizo ni kilo 250, ng'ombe 20, kila mmoja 12.5. Ng'ombe wa kilo 420 hula karibu asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, kwa hivyo hapo hesabu inaingiana, na ikishuka sana najua niongeze deari mil (chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa) jioni hiyo hiyo badala ya kungoja maziwa yapungue.

Sasa shida. Fomula iliyokuja nayo ya kugeuza kliki kuwa kilo kwa hekta ni ya Nyuzilandi, wastani wa kliki mara 140 ujumlishe 500, imetengenezewa raigrasi, nyasi ya huko. Kikuyu inatambaa, inajisuka kama mkeka, sahani inakaa juu ya vijiti ambavyo ng'ombe hawagusi na bado unahesabiwa chakula! Kwa hivyo ili upate fomula yako, tengeneza fremu ya nusu mita kwa nusu mita, pima na sahani hapo, kata nyasi, kausha hadi uzito uache kushuka, gramu zidisha mara 40 upate kilo kwa hekta. Fanya sehemu ndefu, za kati na zilizoliwa, mvua na kiangazi kando kando. Ni kazi, lakini bila hiyo pesa umetupa.

Halafu nyasi zilizokanyagwa inazihesabu kama zimeliwa, na inakupa wastani tu wa kundi, aliyezaa juzi na anayekaribia kukaushwa (kuachwa kukamuliwa) wote sawa.

Nyota 4. Kama wako ni zero grezing (wanalishwa zizini) hauhitaji, pima na mizani unachoweka horini na kinachobaki.