Uzoefu wangu: geji ya presha ya oili kwenye Kombi ya 1974

Ukiwa na Kombi (kibasi cha Volkswagen) ya injini inayopozwa kwa hewa hapa Dodoma, hii utaambiwa tu, leo au kesho: "Mzee, metali zimekwisha hizo, tushushe injini." (Metali ni beringi zinazobeba krenki ndani ya injini.) Yangu ni ya 1974, cc 1600, na ugonjwa wake ulikuwa ule unaojulikana. Asubuhi ni mzima kabisa. Ikishapiga mwendo juani, taa ya oili inaanza kukonyeza kwenye silensi (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), na ukifungua mlango wa injini joto linakuchapa usoni. Gari hii haina rejeta, kwa hiyo hata mvuke wa kukushtua huuoni. Inachemsha kimya kimya.

Kabla sijakubali injini ishushwe, niliagiza Kariakoo geji ya mkono ya kupima presha ya oili, ikaletwa kwa basi. Pamoja na kusafirisha mzigo ilinitoka shilingi 85,000. Ndani ya boksi kuna geji yenye psi na bar (vipimo vya presha), mpira mrefu kiasi, na viunganishi vya shaba vya saizi mbalimbali. Kipimajoto cha oili, kile kinachoingia kwenye tundu la kijiti cha kupimia oili, nilinunua pembeni. Nawashauri msinunue kimoja bila kingine, sababu nitaieleza.

Kwanza hivyo viunganishi. Swichi ya taa ya oili ya Kombi, ile iliyo karibu na distributa, ina nyuzi (mikato ya skrubu) za M10x1, yaani kipenyo cha milimita 10. Kwenye boksi utakikuta pia kiunganishi cha 1/8 NPT (saizi ya inchi ya Kimarekani), na kwa macho vinafanana. Kinaingia mizunguko ya mwanzo vizuri kabisa, halafu kinaanza kukaza. Hapo fundi mwenye nguvu atakiongezea spana. Mzuieni! Nyumba ya injini hii ni ya magnesi, laini, na zile nyuzi zikiliwa ndiyo mmejitafutia kazi ya kweli. Boksi halina maelezo yoyote kuhusu hili, na hapo nimewakata alama.

Sasa kazi yenyewe. Taa ya oili haikwambii mengi, kwa sababu swichi yake inawasha presha ikiwa imeshashuka mahali fulani kati ya psi 2 na 6. Taa ikizimika hujui kama una psi 10 au 40. Injini hii ikiwa katika hali nzuri, kwa oili ya SAE 30 (kipimo cha uzito wa oili) yenye joto la nyuzi 70 za Selsiasi, inatakiwa ifikishe psi 42 kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, na ikishuka chini ya 28 ndiyo huhesabiwa kuwa imechakaa.

Nilitoka na fundi barabara ya Iringa, tukapita Mlowa Barabarani hadi Mtera, tukageuza. Kurudi ni kupanda, na jua la Oktoba mnalijua. Oili ilipokuwa bado na nyuzi 70 hivi, sindano ilisoma 38. Nikamwonyesha fundi. Metali zilizokwisha hazitoi 38. Lakini kadiri tulivyopanda, kipimajoto kilikwenda 100, 115, kikapita 125, na presha ikawa inakifuata kwa kushuka, mpaka kwenye silensi sindano ikalala kwenye 4. Kwa hiyo presha haikuwa ugonjwa, ilikuwa matokeo: oili haipoi, inakuwa nyepesi kama maji, presha inakosa pa kushika. Geji peke yake ingetupeleka kwenye metali. Kipimajoto peke yake kingetupeleka kwenye taimingi na kabureta.

Tukakagua vya nje: mkanda wa feni uko sawa, vibao vya kuongoza hewa vinafunguka, hakuna kiota cha panya ndani ya boksi la feni (msicheke, hapa kwetu ni jambo la kawaida). Ikabaki valvu ya presha, ile ya chini ya injini upande wa pampu, inayofungwa na boliti pana yenye mfereji wa bisibisi. Ndani yake kuna kipistoni na springi. Oili ikiwa baridi na nzito, kipistoni husukumwa chini ili oili ipite mkato bila kwenda kwenye kula (kipoza oili). Ikipata moto kinapanda, oili inalazimika kuzungukia kula ikapoe. Chetu kilikuwa kimenata chini kwa uchafu, hata springi ilipotoka chenyewe hakikutikisika. Fundi aliingiza tapu (chombo cha kukatia nyuzi) ya M10 ndani yake, ikauma, akakivuta. Kilitoka na utepe mweusi wa oili iliyoungua ubavuni.

Tulikisafisha, tukahakikisha kinateleza kwa uzito wake, tukaweka oili mpya lita 2.5. Safari ile ile, kupanda kule kule: nyuzi 105, psi 34 mwendoni, 12 kwenye silensi. Injini haijashushwa. Wale wanaosema dawa ni kumimina oili nzito zaidi, hiyo ni kuidanganya taa tu, joto liko pale pale.

Kasoro za geji: mpira ni mgumu, ukikaa karibu na sailensa unaanza kulainika, ufungeni mbali kwa waya. Kioo hakikuzibwa vizuri, vumbi jekundu limeshaingia. Na ukipima mwendoni mtu wa pili lazima awepo nyuma kusoma, au mpira upitishwe ndani.

Geji naipa nne kwa tano. Sasa natafuta kiunganishi cha njia tatu cha M10x1, ili geji ibaki moja kwa moja na taa nayo iendelee kufanya kazi. Mwenye kujua duka hapa Dodoma linalouza, anijulishe.