Kutuma pesa mtandao mwingine: jina linakuja papo hapo, kurudishiwa ndiyo kazi

Kabla ya 2014, ukimtumia pesa mtu wa mtandao mwingine hapa Tanzania, alipata meseji yenye namba ya kuchukulia pesa, akahangaika kumtafuta wakala wa mtandao wako ili apewe taslimu. Mwaka huo Tigo (sasa Yas), Airtel na Zantel wakafungua njia ya akaunti kwa akaunti. Vodacom akaingia 2016. Kampuni hizi zinanyang'anyana wateja kila siku, lakini zimekubali kuambiana jambo moja kubwa: namba hii imesajiliwa kwa jina la nani.

Hapo ndipo huduma inapostahili sifa. Piga *150*00# (Vodacom), *150*01# (Yas) au *150*60# (Airtel), chagua kutuma pesa, mitandao mingine, kisha ingiza namba na kiasi. Kabla hujaweka namba ya siri, jina la mpokeaji linatokea. Lisome lote. Kama umeambiwa namba ni ya Mama Asha na limetokea jina la mwanamume, ghairi, mpigie umuulize.

Muamala ukigoma, angalia mtandao uliochagua. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao bila kubadili namba, kwa hiyo 075 si lazima awe Vodacom. Na ukimwongezea mpokeaji pesa ya kutolea, piga hesabu kwa makato ya mtandao wa mpokeaji, si wako. Wengi wanakosea hapa, mpokeaji anafika kwa wakala anakuta pesa haitoshi kutoa kiasi alichoahidiwa.

Udhaifu wake mkubwa ni pesa ikienda namba isiyo yake. Kampuni yako inaona pesa imetoka; haioni kama bado iko kule au imeshatolewa. Inabidi imwombe mshindani wake aizuie, naye ana mteja wake wa kumlinda. Kwa hiyo usianze kwa kumpigia aliyepokea, maana unaweza kumshtua akaitoa. Piga huduma kwa wateja dakika hiyohiyo, ukiwa na namba ya muamala, kiasi, saa, namba iliyopokea na ile uliyokusudia. Usifute ile meseji.

Kwa kutuma, nyota tano. Kwa kurudisha, mbili, na zitabaki mbili mpaka mhudumu wa upande wowote aweze kuufungua muamala na kuuona mwanzo hadi mwisho, badala ya kumwambia mteja aliyepoteza pesa ya ada ya shule, "wasiliana na mtandao ule mwingine."