Fremu ya tangi la samaki imevunjika: cha kununua Tanga, kuanzia bora hadi cha kuepuka

Fremu ya plastiki ya tangi la samaki ina sehemu mbili, ya juu na ya chini, na kazi zake hazifanani. Ya juu, pamoja na upau unaovuka katikati, inazuia kioo cha mbele na cha nyuma kisitanuke kwenda nje. Ya chini inabeba uzito. Usiende dukani kabla hujajua ni ipi iliyovunjika, maana kinachofaa juu kinaweza kuwa hasara chini.

Chukua tangi la sentimita 90 kwa 35, kimo 40, kioo cha mili sita. Maji yakifika sentimita 38, kioo cha mbele peke yake kinasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 65. Msukumo huo unatokana na kina cha maji na urefu wa kioo. Upana wa tangi kwenda nyuma hauongezi kitu. Kwa hiyo upau ukikatika, chomoa hita na pampu, kisha toa nusu ya maji hapo hapo. Kina kikibaki nusu, msukumo unashuka hadi robo, yaani kama kilo 16, na unapata muda wa kutafuta vifaa bila presha.

Kioo chenyewe kikiwa na ufa, hata wa urefu wa kucha, usinunue chochote kati ya vitu vilivyo hapa chini. Hiyo ni kazi ya kubadilisha kioo.

Nafasi ya kwanza kwa fremu ya juu: vipande vya kioo na silikoni

Mafundi vioo na mafundi alumini wapo Ngamiani, hapa Tanga, na kazi hii kwao ni ndogo. Kwa tangi la vipimo vile mwambie hivi: "Fundi, nikatie vipande viwili vya 88 kwa 5, na kimoja cha 33 kwa 10, vyote mili sita, na kingo uzisage." Usiache neno la kusaga kingo. Kioo kibichi kinakata vidole, tena kingo yenye mapengo ndipo ufa unapoanzia. Kioo cha tempa, kile cha milango ya maduka, hakikatiki tena kikishachomwa, kwa hiyo usikubali kuuziwa vipande vyake kwa kazi hii.

Vipande virefu vinalala kama rafu nyembamba ndani ya tangi, kimoja kwenye kioo cha mbele na kimoja cha nyuma, chini kidogo ya mdomo wa fremu. Kile kifupi kinalala juu yao katikati. Wengi huruka vile virefu na kubandika upau mmoja tu, ncha zake zikigusa vioo. Hesabu yake ni mbaya: ncha ya upau wa sentimita 10 inashika eneo la sentimita 6 za mraba tu, wakati kipande cha sentimita 88 kinashika karibu 53. Upau wa ncha hubanduka, na huwa unabanduka tangi likiwa limejaa.

Kabla ya kubandika, tangi liwe tupu na kavu. Pima umbali kati ya kioo cha mbele na cha nyuma kwenye pembe zote mbili, kisha katikati. Katikati pakizidi, zungushia mkanda wa kufungia mizigo na uukaze taratibu mpaka vipimo vilingane, huku ukiweka kipande cha kadibodi mkanda unapogusa pembe. Tegemeza vipande virefu kwa vijiti vilivyokatwa kimo kimoja kutoka sakafu ya tangi. Paka mstari wa silikoni wa milimita 5 hivi kwenye kingo, sukuma hadi ubaki unene wa milimita 1 au 2, halafu lainisha kwa kidole ndani ya dakika tano. Baada ya hapo silikoni inaanza kujifunika ngozi, na ukiigusa inachanika. Kama ulibandika tepu ya karatasi kando ya mstari ili kioo kisichafuke, ibandue kabla ya ngozi hiyo. Virefu vikae siku nzima ndipo ubandike kifupi.

Silikoni inakauka kutoka nje kwenda ndani kwa unyevu wa hewa, milimita 2 hadi 3 kwa siku. Hapa pwani unyevu hauna shida, lakini chini ya kifupi, silikoni ikiwa imefunikwa kwa kioo upana wa sentimita tano, hewa inachelewa kufika. Subiri angalau siku saba. Jaza theluthi, lala nayo usiku mmoja, ongeza theluthi nyingine.

Silikoni ipi?

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo tukae kidogo. Unataka silikoni tupu, asilimia 100, inayonuka siki ikiwa mbichi. Harufu hiyo ni asidi inayotoka wakati inakauka. Ikiisha imeisha, ukisuuza tangi samaki hawadhuriki. Lebo ikitaja bafu, choo, au kuzuia ukungu, rudisha. Dawa ya ukungu iliyomo inaendelea kutoka ndani ya maji. Akriliki za kuzibia nyufa za ukuta zinauzwa kwenye tyubu zinazofanana kabisa na zinakaa rafu moja na silikoni, kwa hiyo soma. Usichague kwa rangi ya tyubu.

Tazama tarehe ya mwisho. Tyubu iliyokaa miezi kwenye duka la bati wakati wa kaskazi inaweza kuwa imekufa kabla ya tarehe hiyo. Ikamulie kidogo kwenye kipande cha kioo, iache hadi kesho: ikibaki inanata kama ulimbo, idai hela yako. Tyubu moja ya mililita 280 au 300 inatosha kazi yote hii na inabaki.

Silikoni mpya haishiki juu ya silikoni ya zamani. Kwangua ya zamani kwa wembe mpaka kioo kitupu, kisha futa kwa alkoholi ya isopropili. Spiriti ya majeraha mara nyingi ina mafuta ndani yake, nayo inaacha utando usioonekana. Asetoni inasafisha kioo vizuri lakini inayeyusha plastiki ya fremu, kwa hiyo iweke mbali na upande uliobaki mzima. Wakati wa masika, kioo kikiwa baridi asubuhi kinatoa jasho. Futa tena kwa kitambaa kikavu dakika ileile unayopaka.

Nafasi ya kwanza kwa fremu ya chini: fremu mpya ya saizi ileile

Tangi tunalozungumzia, likiwa na maji lita 114, kioo kilo 20 hivi na kokoto, linafika karibu kilo 150. Katika matangi mengi ya fremu, kioo cha sakafu hakigusi meza. Kinaning'inia, na uzito wote unapita kwenye ukingo wa plastiki. Plastiki ikipasuka pembeni, kona hiyo inashuka kidogo na kioo kinajipinda. Ndiyo maana gundi pekee haitoshi chini.

Huenda ukalazimika kuagiza Dar. Pima nje kwa nje, kioo kwa kioo, kwa milimita. Usiagize kwa ujazo wa lita, maana matangi mawili ya lita sawa yanaweza kutofautiana sentimita nzima. Fremu inayokuja kwa basi ifungwe kati ya mbao mbili. Kamba ya juu ya buti imeshavunja nyingi.

Na kosa moja la kawaida: kuweka ile sponji nyeupe ya kwenye maboksi ya televisheni chini ya tangi lenye fremu. Sponji inapanda na kusukuma sakafu inayoning'inia. Hiyo ni ya matangi yasiyo na fremu, yanayokaa kwa sakafu yao yote.

Nafasi ya pili chini: pembe za alumini

Fundi wa madirisha anaweza kukukatia pembe za milimita 25 kwa 25, kona digrii 45. Chagua zilizopakwa rangi ya unga, zinavumilia hewa ya chumvi kuliko zile tupu. Hapa tumia silikoni isiyonuka siki, kwa sababu asidi inakula alumini na mshiko unadhoofika. Pembe zote nne ziwe unene mmoja na meza iwe sawa kwa timazi ya maji. Kwa tangi la maji ya bahari hatupendekezi, chumvi inaimaliza.

Nafasi ya pili juu: gundi ya epoksi ya sehemu mbili

Inafaa kwa ufa mfupi wa plastiki ya juu usiofika kwenye upau. Kwangua kwa msasa, changanya sawa kwa sawa, zungushia kipande cha plastiki upande wa nje kama bandeji. Ikishakauka ni ngumu na haijipindi, kwa hiyo kuunganishia upau uliokatika haifai: kioo kinacheza kidogo kila unapobadilisha maji, nayo inapasuka.

Mwisho wa foleni

Supagluu inashika haraka na kuachia haraka, hasa ikivutwa huku imelowa. Tepu haina kazi hapa. Fremu ya mninga iliyopigwa vanishi inapendeza sebuleni, na hakuna ubaya ukiiweka kwa nje, mradi vipande vya kioo viwe vimeshabandikwa ndani na mbao isibane kioo. Mbao hutanuka ikinyonya unyevu, basi acha nafasi ya milimita 3 kila upande.